Ukienda Likizo, Utarudi?

Hospitali ya Dk. Atiman mjini Sumbawanga imebeba jina la mtu aliyesoma ng'ambo zaidi ya miaka 130 iliyopita. Nimewahi kuwauliza watu kadhaa waliokuwa kwenye foleni pale Atiman alikuwa nani. Mmoja alidhani ni Mjerumani. Mwingine alisema ni mfadhili aliyejenga jengo.

Adrian Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa, na huko Algeria akanunuliwa na Mapadri Weupe. Wakamsomesha, kisha wakampeleka Malta kujifunza utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, baada ya safari ya msafara kutoka pwani. Karema siku hizi iko mkoa wa Katavi, lakini kabla ya mkoa ule kumegwa mwaka 2012 ilikuwa ya kwetu, Rukwa. Atiman aliwatibu watu pale hadi alipofariki mwaka 1956.

Wanaomwandika huvutiwa na miaka hiyo mingi ya kutibu, na wana haki. Mimi huwa nakwama Malta. Najiuliza masomo yalipofungwa na wenzake wenye kwao wakaanza kufunga mizigo, yeye alifanya nini. Kwao kulikuwa ng'ambo ya jangwa lilelile alilovushwa utumwani. Ni mwanafunzi wa ng'ambo ambaye hakuwa na likizo.

Naitaja likizo kwa sababu ndiyo sehemu inayorukwa katika historia ya wasomi wetu. Tunaandika tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurejea na jina la shahada. Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi 1952 na M.A. yake, basi. Lakini ukitaka kujua nchi inamchukuliaje mwanafunzi mgeni, usiangalie siku ya kwanza alipopokelewa na barua yake ya udahili. Angalia siku anayosema: naomba niende nyumbani kidogo, nitarudi.

Kulikuwa na wakati ombi hilo lilikuwa jepesi, na wazee wa Ufipa wanaukumbuka. Kabla ya mwaka 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu, kwa hiyo waliofaulu sana walikwenda Makerere, Kampala. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilianza na sheria peke yake. Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo, na nchi tatu zikagawana masomo: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mantiki yake ilikuwa fedha, hakuna nchi iliyoweza kujenga kila kitu. Lakini mgawanyo huo ulimaanisha pia kwamba kila likizo vijana walikuwa wakivuka mipaka kwa mamia, kwenda na kurudi, na mpango mzima ungekufa kama mlango wowote kati ya hiyo ungekuwa mgumu.

Mzee mmoja, jirani yetu wa zamani, alisoma Makerere katikati ya miaka ya sitini. Alinieleza njia yake. Lori kutoka Sumbawanga hadi Mpanda, kwenye reli iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Treni hadi Kaliua, kisha Tabora, kisha Mwanza. Meli ya usiku juu ya Ziwa Viktoria, na asubuhi yuko Uganda. Mvua ikiharibu barabara ya Mpanda, safari ilikula karibu wiki nzima, na mara moja alifika chuoni vipindi vimeshaanza. Nikamuuliza mpakani ilikuwaje. Akanitazama kama niliyeuliza swali la kitoto.

"Mpaka upi, mwanangu? Tabu ilikuwa lile lori."

Sisemi kwamba zama zile zilikuwa za dhahabu. Waliofika Makerere kutoka Ufipa walikuwa wachache mno, na wengi wao walikuwa wavulana waliopitia shule za misheni. Lakini kwa huyo mmoja aliyefika, kwenda kumzika baba na kurudi darasani lilikuwa suala la nauli na tope.

Yaliyofuata yalikuja haraka. Mwaka 1970 chuo kile kilivunjwa vikawa vyuo vikuu vitatu. Januari 1971 Amin akampindua Obote, Nyerere akakataa kumtambua. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule wa kufungwa alimaliza la saba mpaka ukiwa ndio kwanza umefunguliwa.

Wakati huohuo njia nyingine za masomo zilikuwa zimeshafunguka: Moscow, Berlin Mashariki, Beijing. Hizi zilikuwa na utamaduni wake. Tiketi ililipwa na serikali mwenyeji, na hiyo serikali ndiyo iliyoamua unaitumia lini. Mwaka 1962 wanafunzi wengi wa Kiafrika waliokuwa Beijing waliondoka bila kumaliza masomo, baada ya mwenzao Mzanzibari kupigwa hotelini. Mghana Emmanuel Hevi, aliyekuwa mmoja wao, aliandika kitabu mwaka uliofuata, *An African Student in China*. Kina hasira nyingi na kimesomwa sana kama silaha ya Vita Baridi, jambo ambalo limekiharibia sifa. Ukikisoma leo bila siasa hizo, unamwona kijana anayejua kwamba akitoka kwenye mlango ule, haurudii tena.

Zaidi ya miaka hamsini baadaye, China ilikuwa mahali pa kawaida kabisa pa kusomea. Mwaka 2018 ilikuwa na wanafunzi 81,562 kutoka Afrika. Mtoto wa shangazi yangu alikuwa mmoja wao, mwaka wa pili wa udaktari. Januari 2020, akiwa mwaka wa nne, alikuja Sumbawanga kwa likizo ya mwaka mpya wa Kichina. Alikuwa na kila kitu: kibali cha makazi kimebandikwa kwenye pasipoti, chenye ruhusa ya kutoka na kuingia bila kuomba viza upya. Aliacha nguo na vitabu bwenini.

Tarehe 23 Januari Wuhan ikafungwa. Tarehe 28 Machi China ikasimamisha kuingia kwa wageni, hata wenye vibali halali. Septemba mwaka huohuo ikalegeza: wenye vibali vya kazi, vya mambo binafsi na vya kuungana na familia wakaruhusiwa. Vibali vya masomo havikutajwa. Mhandisi mgeni alikuwa na kampuni ya kumdai. Mwanafunzi alikuwa na mwalimu wake tu, na masomo yangeweza kupelekwa kwa simu, au ndivyo ilivyodhaniwa.

Basi akasoma kwa simu. Kipindi cha saa mbili asubuhi kule ni saa tisa usiku Sumbawanga, na mwezi wa Juni na Julai baridi ya uwanda wetu haina utani. Alikaa jikoni karibu na makaa, blanketi mabegani, akihesabu bando. Umeme ukikatika, kipindi kimekwenda. (Umeme wetu wa Rukwa ulikuwa ukitoka Zambia, unavuka mpaka kila siku bila kuulizwa.) Anatomia na famakolojia unaweza kuzimeza hivyo ukijikaza. Kumshika mgonjwa tumbo hufundishwi kwa simu. Na Baraza la Madaktari Tanganyika halimsajili mtu kwa sababu amesikiliza vizuri, linataka mafunzo ya vitendo.

Shangazi aliuza mahindi ya msimu mzima kulipa ada ya chuo ambacho binti yake hawezi kukifikia. Majirani walianza kuuliza kwa upole wenye sumu kama kweli mtoto anasoma, au alifukuzwa. Kibali chake kiliisha muda Julai 2020 akiwa Sumbawanga, na kibali hakihuishwi ukiwa nje.

Agosti 24, 2022 ndipo China ilipowaruhusu wenye vibali vya masomo vilivyo hai kuingia. Yeye na wa aina yake walianza upya: barua mpya ya chuo, fomu mpya, viza mpya. Alipanda basi la Dar mwishoni mwa mwaka ule, zaidi ya kilomita 1,100, na kabla ya kuondoka aliniuliza mimi mwandishi wa habari kama nina uhakika hawatafunga tena. Nilimwambia ukweli, kwamba hakuna mwenye uhakika huo.

Msomaji atasema yale yalikuwa mambo ya korona. Sawa, ila Januari 2017 hapakuwa na korona Marekani ilipowazuia kuingia raia wa nchi 7, Somalia na Sudan zikiwemo, na vyuo vikawaandikia wanafunzi wao: msisafiri. Utaratibu wa Marekani wenyewe unaiandaa hali hiyo. Viza ni ya kubishia hodi tu. Ikiisha ukiwa ndani, unaendelea kusoma kihalali bila wasiwasi, mradi usiende nyumbani. Ukienda, unarudi kwenye foleni ya ubalozi kama mtu asiyejulikana.

Bibi yetu alifariki mwaka 2023. Binamu alikuwa wodini kule China, mwaka wa mwisho, kibali kipya mkononi chenye ruhusa ya kutoka na kuingia. Nauli ingepatikana, tulishaanza kuichanga. Alikataa kuja. Alituma rambirambi kwa simu, na siku ya maziko wazee walipouliza mjukuu yule yuko wapi, shangazi alijibu bila kuinua macho: "Yuko shule."