Mradi wa Kware: Tulivyototoa, Tulivyoanguka na Tulivyoinuka



Katika kijitabu hiki cha miaka kumi mtasoma habari za hisa, mikopo na nyumba zilizoezekwa mabati. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika historia tumeona si vema kuuruka mradi wa kware. Wapo walioshauri tuuache, maana unatuaibisha. Tukasema hapana, mficha uchi hazai.

Kikundi kilianza mwaka 2015 na sanduku moja lenye kufuli tatu, funguo zikitunzwa na akina mama watatu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Hisa tulinunua kila wiki kutokana na mauzo ya maharage, kabichi na viazi. Mwaka wa pili sanduku likawa zito, na fedha ikikaa mikono huwasha. Ndipo habari za kware zikapanda mlima kutoka Mombo.

Kware tunaowasema si wale wa porini ambao watoto huwatega mashambani. Ni kware wa Kijapani, ndege mdogo ambaye Wajapani walimfuga kwanza kwa ajili ya sauti yake, na baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mayai na nyama. Mwaka 2013 wenzetu wa Kenya walikumbwa na homa ya kware. Watu waliomba leseni kwa shirika la wanyamapori, KWS, wakanunua mayai ya kutotolesha kwa bei ya ajabu, huku wakiambiwa kwamba yanatibu kila ugonjwa. Mwaka 2014 soko likaanguka. Wanunuzi wengi hawakuwa walaji. Walikuwa wafugaji wapya, nao wakitafuta wafugaji wapya zaidi wa kuwauzia. Hao walipokwisha, soko nalo likaisha. Lakini kwetu milimani ilifika habari ya bei tu, ile ya kuanguka ikabaki njiani.

Muhtasari wa kikao chetu cha mwaka 2016 tunao hadi leo. Wenzetu sita waliomba mkopo kwa pamoja. Mama mmoja mtu mzima akauliza, "Wanangu, nani kati yenu amekwisha kula yai hilo?" Tukacheka. Mkopo ukapita.

Basi kazi ikaanza. Kware wa kufugwa ni nadra sana kuatamia. Hutaga akaondoka zake, kwa hiyo ni lazima uwe na mashine. Fundi seremala alitutengenezea sanduku la mbao lenye balbu, kipimajoto na bakuli la maji. Joto linalotakiwa ni kama nyuzi 37.5. Mayai hugeuzwa angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 14, kisha huachwa yatulie na unyevu huongezwa. Siku ya 17 au 18 vifaranga hutoka. Kwa maneno ni rahisi. Lakini Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na sisi tulianza mwezi Julai, baridi ikiuma hasa!

Duru ya kwanza umeme ulikatika usiku. Tuliifunika mashine kwa mablanketi na vitenge, tukaweka ndani chupa za maji ya moto. Hata hivyo mayai mengi yalipoa. Yaliyosalia tuliyaharibu wenyewe kwa hamu. Kila mmoja akipita anafungua kifuniko achungulie. Ukifungua, unyevu unatoka, utando wa ndani ya yai unakauka, kifaranga kinanasa. Tulivikuta vimetoboa ganda na kufia humo humo. Katika mayai 60 tulipata vifaranga 7. Wengine tulilia, hatufichi.

Duru ya pili tukaweka zamu. Kila yai tuliliandika kwa penseli X upande mmoja na O upande wa pili, ili anayegeuza asikosee. Mwenye zamu alijaza daftari: saa, joto, jina lake. Wa usiku alilala hapo hapo. Safari hii tukapata vifaranga 41, kila kimoja kama kidole gumba. Vitatu vilizama kwenye kisahani cha maji kabla hatujajua kuweka kokoto ndani yake. Kufika wiki ya saba majike walikuwa wanataga.

Tukadhani tumefika. Kumbe! Tulipopeleka trei sokoni Lushoto watu waliuliza, "Mama, haya ni ya kenge?" Hoteli moja ilinunua mara moja, haikurudi. Na hapa lazima tukiri kosa: tulianza kuwaambia wateja kwamba yai la kware linaponya sukari na presha. Siku moja mzee akatuuliza kama sasa aache vidonge vyake. Tulishtuka. Tukamwambia, "La hasha, baba, usiache, mfuate daktari wako." Tangu siku hiyo tuliacha maneno hayo. Yai la kware ni chakula kizuri kama yai la kuku, lakini si dawa.

Marejesho yakakwama. Katiba yetu iliruhusu kuchukua mali ya mdaiwa, na wapo waliotaka mbuzi na masufuria ya wenzetu yaletwe. Kikao kilianza saa nane mchana, kikaisha giza limeingia. Wanachama wawili waliondoka wasirudi. Sisi tuliobaki tukakumbuka kwamba mkopo ule tuliupitisha wote, tena kwa kucheka. Tukakubaliana hivi: riba isamehewe, muda uongezwe, na mashine itumike kutotolea mayai ya kuku wa kienyeji.

Fundi akabadilisha trei. Joto lilikuwa lile lile, siku zikawa 21. Kuku kila mtu anamjua, na kifaranga chake kina mnunuzi. Majirani walileta mayai, wakalipa kidogo kidogo. Zamu na daftari tulivyojifunza kwa kware vikatufaa. Deni lote likaisha mwaka 2018, na hakuna sufuria lililotoka jikoni kwa mtu.

Leo mwanachama akiomba mkopo wa mradi mpya, mwenyekiti humwuliza mbele ya wote: nani atanunua, kwa bei gani, na je, umeongea naye? Lile swali la mama yetu sasa limo kwenye katiba. Mwenyewe yu hai, na kwenye sherehe hii atakaa mbele. Tunamwomba radhi kwa kicheko kile.

Daftari la zamu litakuwa mezani siku ya sherehe. Karibuni mlisome.