Rehani na Bei ya Khiyari: Mamlaka ya Mkopeshaji katika Zanzibar ya Karafuu

Katika sheria ya Kiislamu, rehani haimpi mdai umilki wa mali. Mdaiwa akishindwa kulipa, mali huuzwa kwa amri ya kadhi, mdai hupata haki yake, na kinachobaki humrudia mwenyewe.

Lakini katika Zanzibar ya karne ya 19, wenye mashamba wengi walikopa kwa njia nyingine, iliyoitwa bei ya khiyari, yaani mauzo yenye hiari. Mwenye shamba alipokea fedha kama muuzaji, akabakiwa na hiari ya kulikomboa shamba lake kabla ya muda uliowekwa. Aliendelea kulilima, akimlipa mkopeshaji kodi; nayo kodi ilishika mahali pa riba, ambayo ni haramu. Muda ukipita, mauzo yalithibitika, hata kama shamba lilizidi deni kwa thamani.

Dhoruba ya mwaka 1872 iliangamiza mikarafuu ya Unguja, na kufutwa kwa utumwa kisheria mwaka 1897 kuliwapunguzia wenye mashamba wafanyakazi. Madeni kwa wakopeshaji wa Kihindi yakaongezeka. Mwaka 1934, utawala wa Kiingereza ulitoa amri ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishiwe watu wengine bila idhini.

Kwa hiyo nguvu ya mkopeshaji haikutoka katika fedha peke yake, bali pia katika jina la mkataba. Palipoandikwa rehani, mdaiwa alibaki mwenye mali. Palipoandikwa bei, alikuwa amekwisha kuuza, na hiari yake ilikuwa na tarehe ya kufa.