Orodha inayojisafisha: jinsi ya kufundisha lahajedwali kazi unayoirudia kila wiki

Makala hii ni kwa makatibu na waweka hazina wa vikundi vya akiba, viongozi wa jamii, walimu, na wanaojitolea katika mashirika ya wakimbizi hapa Kampala, wakimbizi na wenyeji pia. Inaeleza namna ya kutumia lahajedwali, yaani programu kama Excel, Google Sheets au LibreOffice Calc, ili kazi ya kusafisha orodha uifanye mara moja tu, kisha kompyuta iirudie yenyewe kila orodha mpya inapoingia. Si lazima uwe umesomea kompyuta. Ukijua kufungua faili, kuandika ndani ya kisanduku na kuhifadhi, unaweza kuanza.

Maneno mawili kwanza. Safu ni ile inayoshuka chini: A, B, C. Mstari ni ule unaokwenda kando: 1, 2, 3.

Kwa nini jambo hili ni zito

Mara nyingi mtu huachwa nje ya orodha bila yeyote kutaka kumwacha. Jina liliandikwa hivi kwenye karatasi moja na vile kwenye nyingine. Namba ya simu ilipoteza sifuri ya mbele. Aliyekuwa akinakili alichoka usiku akaruka mstari. Matokeo yake ujumbe wa kumwita haukufika, au alifika akaambiwa hayumo. Anayeishi Katwe, Nsambya au Kisenyi anategemewa ajikimu mwenyewe, tofauti na aliye katika makazi ya Nakivale au Kyaka II. Kwake orodha ya kikundi cha akiba, ya ada ya shule au ya mafunzo inaweza kuwa ndiyo msaada pekee alio nao.

Hata nchi tajiri zimeumizwa na jambo hili. Kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba 2020, shirika la afya ya umma la Uingereza lilikosa kuhesabu kwa wakati watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na virusi vya korona. Sababu ilikuwa aina ya zamani ya faili la Excel, ambayo haibebi zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilikatwa kimya kimya, na watu waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Kompyuta haikulalamika, na hakuna aliyelinganisha idadi iliyoingia na idadi iliyotoka.

Usiiguse orodha ya asili

Kabla ya fomula yoyote, jiwekee desturi hii: orodha kama ilivyofika inakaa kwenye ukurasa wake, iite "Asili", na hakuna mtu anayeifuta wala kuisahihisha. Kazi yote inafanyika kwenye ukurasa wa pili, "Safi", ambao unasoma kutoka wa kwanza. Mtu akija na swali, unarudi kuona alichoandika mwenyewe. Ukisahihisha juu ya maandishi ya asili, ushahidi umekwisha.

Namba, si jina

Jina pekee halitoshi kumtambua mtu. Mkongo huandika jina, jina la ukoo na jina la ubatizo kwa mpangilio ambao fomu za Uganda hazina nafasi yake. Msomali hubeba jina lake, la baba na la babu, wala hakuna jina la familia. Tarehe ya kuzaliwa nayo haisaidii sana, kwa kuwa wakimbizi wengi wasiokuwa na cheti huandikiwa 01/01 ya mwaka fulani. Watu wawili tofauti wenye jina moja na 01/01/1990 si jambo la ajabu.

Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) na UNHCR walihakiki upya wakimbizi nchini Uganda kwa alama za vidole na mboni za macho, baada ya idadi yao kutiliwa shaka. Hesabu ilishuka kutoka kama milioni 1.4 hadi milioni 1.1 hivi. Kikundi chako hakina mashine hizo wala hakizihitaji, ila kinahitaji kitu kimoja kisichofanana kwa watu wawili. Kwa kikundi cha akiba, namba ya uanachama inatosha: M01, M02 na kuendelea. Anza na herufi, maana ukiandika 01 tupu Excel itaigeuza kuwa 1. Pale tu ambapo kazi inalazimu, tumia namba ya usajili iliyo kwenye kitambulisho cha mkimbizi au hati ya familia, na kwa mwenyeji namba ya kitambulisho cha taifa, NIN, ambayo ina herufi na tarakimu 14. Fomula =LEN(A2) itakuhesabia. Ikitoa 13, kuna kilichosahaulika.

Fomula chache zinazofanya kazi kubwa

Majina yaliyonakiliwa kutoka WhatsApp huja na nafasi zisizoonekana. Kwa macho majina mawili ni sawa, kwa kompyuta ni tofauti. Fomula hii huondoa nafasi za ziada na kuweka herufi zote kuwa kubwa:

=UPPER(TRIM(SUBSTITUTE(Asili!A2,CHAR(160)," ")))

Wengi hufundishwa kutumia PROPER, inayoweka herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno. Kwa majina yetu ni afadhali kuiepuka. Inamgeuza N'simire wa Bukavu kuwa N'Simire, na mwenye jina ana haki ya kukasirika.

Simu ndizo sumbufu zaidi. Namba moja huandikwa 0700 000 000, au +256700000000, au 700000000 baada ya Excel kula sifuri. Zote tatu zinarudi kwenye umbo moja kwa kuchukua tarakimu tisa za mwisho na kuweka sifuri mbele:

="0"&RIGHT(SUBSTITUTE(Asili!B2," ",""),9)

Hapa pana mtego. Mwanachama aliyeandika namba yake ya Kongo, inayoanza na +243, naye atapewa sifuri, na namba itaonekana kama ya hapa wakati siyo. Kwa hiyo weka safu ya ukaguzi pembeni. Ikiwa namba safi iko C2, andika:

=IF(LEFT(C2,2)="07","sawa","angalia")

Simu za mkononi za Uganda huanza na 07, za Kongo zitatokea na 08 au 09. Penye "angalia", mtu anapiga simu au anamuuliza mwenyewe.

Tarehe zinadanganya vibaya zaidi kwa sababu hazionyeshi kosa. Kompyuta nyingi zinazouzwa zikiwa zimetumika huja na mpangilio wa Marekani, mwezi mbele ya siku. Ukiandika 03/04/2025 ukimaanisha tarehe 3 Aprili, yenyewe inaweka tarehe 4 Machi. Ukiandika 25/03/2025 haielewi, inaiacha kama maneno, imeegemea kushoto. Ukiona safu ya tarehe ambayo nyingine zimeegemea kulia na nyingine kushoto, simama, badilisha mpangilio wa kompyuta uwe wa Uganda au Uingereza, kisha ingiza upya kutoka kwenye karatasi. Usizisahihishe zilizoegemea kushoto pekee. Zilizoharibika ni zile za kulia.

Kwa waliosomea Goma, Bukavu au Bujumbura

Kama ulijifunza Excel kwa Kifaransa, hujaanza upya. Unachokiita RECHERCHEV ndicho hapa wanakiita VLOOKUP. SI ni IF, NBCAR ni LEN, DROITE ni RIGHT, GAUCHE ni LEFT, SUPPRESPACE ni TRIM, MAJUSCULE ni UPPER, SUBSTITUE ni SUBSTITUTE, CAR ni CHAR, NB.SI ni COUNTIF. Tofauti inayowakwamisha wengi ni ndogo: kompyuta ya Kifaransa hutenganisha sehemu za fomula kwa nukta-mkato, ya Kiingereza kwa mkato. Ukinakili fomula za makala hii ikakataa, badilisha alama hiyo kwanza kabla ya kufikiri umekosea. Faili lenyewe la Excel likifunguliwa kwenye kompyuta ya lugha nyingine hujitafsiri. Kinachokataa ni ulichoandika kwa mkono kutoka kwenye daftari.

Kuirekodi kazi nzima

Fomula zinatosha kwa orodha moja. Ukiwa na orodha mpya kila wiki, au matawi matatu ya kikundi yanakuletea mafaili matatu, tumia Power Query. Imo ndani ya Excel ya Windows kuanzia toleo la 2016, bila malipo ya ziada. Weka mafaili yote kwenye folda moja, yenye vichwa vya safu vinavyofanana. Nenda "Data", kisha "Get Data", "From File", "From Folder". Kila unachofanya, kuondoa nafasi, kufuta safu isiyohitajika, kubadilisha umbo, kinaandikwa upande wa kulia kama orodha ya hatua. Ukimaliza bonyeza "Close & Load". Wiki ijayo unatupa faili jipya ndani ya folda ile ile na kubonyeza "Refresh All". Hatua zote zinarudiwa kwa mpangilio ule ule.

Angalia hatua moja ambayo Power Query hujiongezea bila kuulizwa, "Changed Type". Hiyo ndiyo hugeuza simu kuwa hesabu na kuondoa sifuri. Ifute, kisha weka mwenyewe safu za simu na namba za vitambulisho kuwa "Text".

Kazi ambayo Power Query inaokoa saa nyingi kuliko zote ni kulaza daftari la akiba. Daftari la kawaida lina majina yakishuka chini na wiki zikienda kando: Wiki 1, Wiki 2, Wiki 3. Kwa macho ni zuri, lakini ukitaka kujua nani hajaweka akiba kwa wiki mbili linakutesa. Chagua safu ya namba ya mwanachama, bonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Unpivot Other Columns". Sasa kila mstari ni mtu mmoja, wiki moja, kiasi kimoja. Visanduku vitupu havitatokea kabisa, kwa hiyo wiki ambayo mtu hakuweka kitu andika 0.

Huna Excel? Google Sheets ni ya bure kwa mwenye Gmail. Fomula hii hufanya kazi ile ile kwa watu 30 na wiki tano:

=ARRAYFORMULA(SPLIT(FLATTEN(A2:A31&"|"&B1:F1&"|"&B2:F31),"|"))

Vichwa vya wiki viwe maneno, si tarehe, la sivyo utapata namba kama 45000 usizoelewa. Nayo LibreOffice haihitaji intaneti wala leseni. Kila unapofungua faili la CSV inakuuliza kila safu ni ya aina gani; chagua "Text" kwa simu na sifuri inabaki. Kwa kazi hiyo moja naiona bora kuliko Excel.

Usiachie kompyuta hili

Kuna kitufe cha kuondoa waliorudiwa, "Remove Duplicates". Usikitumie kwenye orodha ya watu. Tumia =COUNTIF(A:A,A2) kwenye safu ya pembeni. Ikitoa zaidi ya 1, mtu aangalie. Pacha wanaotumia simu ya mama yao si mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili.

Na kila mara, juu ya ukurasa wa "Safi", weka hesabu mbili zikikaa pamoja: walioingia na waliotoka. =COUNTA(Asili!A2:A1000) itakupa ya kwanza, panua namba hiyo kama orodha ni ndefu zaidi. Kwa ya pili, fomula ikishushwa chini huonekana imejaza hata mahali patupu, kwa hiyo hesabu zenye kitu tu: =COUNTIF(A2:A1000,"?*"). Zikitofautiana, orodha haitumwi kwa mtu hadi ijulikane nani amepotea.

Siri za watu

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na ofisi inayoisimamia iko chini ya NITA-U. Inahusu hata orodha ndogo: kusanya unachohitaji tu, mwambie mtu utakifanyia nini, na kilinde. Kwa mkimbizi jambo hili si la makaratasi tu. Orodha yenye jina, kabila, mtaa na simu ikifika kwa mtu aliyemkimbia, maisha yake yako hatarini. Safu ya kabila au ya sababu ya kukimbia haina kazi kwenye daftari la akiba, iondoe. Faili liwe na neno la siri, lisiachwe kwenye kompyuta ya kafe ya intaneti, lisitumwe kwenye kundi la WhatsApp. Ukitaka akili bandia ikuandikie fomula, mpe mfano wa majina ya kubuni. Usibandike orodha yenyewe.

Pa kujifunzia

Mashirika yanayoongozwa na wakimbizi Kampala hutoa mafunzo ya kompyuta mara kwa mara. YARID, lililoanzishwa na wakimbizi wa Kongo mwaka 2007, limekuwa likifundisha Kiingereza na kompyuta. Ratiba na nafasi hubadilika, kwa hiyo piga simu kabla ya kulipia boda. Uliza maswali mawili: kila mwanafunzi ana kompyuta yake, na je, mnafika kwenye fomula au mnaishia kuchapa barua? Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa nafasi ya kufanya kazi nchini, na ukiomba kazi ya kuingiza data, faili moja safi la mfano, lenye majina ya kubuni na hatua zinazoonekana, linaweza kumshawishi anayekuhoji kuliko cheti.