Majina ya Askari wa Mara

Jenerali David Musuguri alipofariki Oktoba 2024, akiwa na miaka 104, taifa zima lilijua nani ameondoka. Redio zilisimulia upya habari za mapigano ya Lukaya na Kampala, na vijana ambao hata wazazi wao walikuwa watoto wadogo wakati wa Vita vya Kagera wakalisikia jina lake, wengine kwa mara ya kwanza. Alizikwa kwao Butiama. Nilifarijika kuona mkongwe wa mkoa wetu akipewa haki yake. Lakini nilianza pia kuwawaza wale waliotembea nyuma yake kwa miguu kutoka Mutukula, mpakani na Uganda, waliokuwa hawana cheo cha kutangazwa redioni, na waliotangulia kabla yao kwenda Bukini (Madagaska) na Bama (Burma). Wengi walizikwa migombani na kwenye viwanja vya nyumba zao, bila tarumbeta wala bendera.

Nimefundisha Historia katika shule za sekondari za mkoa wa Mara kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwanza Tarime, kisha Musoma mjini. Mkoa huu umetoa askari wengi. Tangu enzi za keya, kama wazee walivyoliita jeshi la King's African Rifles, waandikishaji walipenda kuja huku, na Wakurya hasa walikuwa wengi jeshini kupita idadi yao katika nchi. Ukikaa kwenye msiba wowote kuanzia Sirari hadi Bunda, hukosi kusikia kwamba marehemu, au kaka yake, au baba yake mdogo, "alikuwa mwanajeshi". Husemwa kwa sentensi moja tu, kisha mazungumzo yanahamia kwenye ng'ombe na mashamba.

Historia hiyo ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Huko Ikoma, upande wa Serengeti, Wajerumani walijenga boma. Mwaka 1917, kikosi chao kilichokuwa kimejitenga na jeshi kuu kiliizunguka nchi kikiwakimbia Waingereza na Wabelgiji. Mkuu wake wa kwanza, Kapteni Wintgens, aliugua akajisalimisha mwezi Mei. Ofisa mwenzake, Naumann, akashika uongozi, akafika mpaka Ikoma, na Wabelgiji wakamfuata wakapigana naye hapo hapo. Vitabu vinawataja maofisa hao wawili kwa majina. Askari weusi waliopiga risasi pande zote mbili, na wachukuzi waliobeba sanduku la risasi kichwani na mahindi mgongoni, wanatajwa kwa jumla, kama watu wasiokuwa na mama.

Wachukuzi ndio ninaoumia nao zaidi. Katika vita ile ya 1914 hadi 1918, Waingereza peke yao waliwatumia watu wapatao milioni moja kubeba mizigo Afrika Mashariki, na hesabu ya serikali yao inasema waliokufa walipita 95,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam ilikuwa kambi yao, na Nairobi nako kuna Kariokor. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti kuhusu ubaguzi katika kazi yake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mzungu aliyekufa alichongewa jiwe lake. Mwafrika alihesabiwa kuwa ametosheka na sanamu moja ya wote.

Sanamu hiyo wengi tunaifahamu. Ipo katikati ya Dar es Salaam, barabara ya Samora inapokutana na Azikiwe: askari wa shaba nyeusi, ameinama kidogo, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927. Aliyeichonga ni Mwingereza James Alexander Stevenson, na maneno ya chini yake yalitungwa na Rudyard Kipling. Nairobi walisimamishiwa watu watatu badala ya mmoja, na kati yao yupo mchukuzi wa mizigo. Kabla ya hapo, Wajerumani walikuwa wamejengea Dar es Salaam sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann. Yeye alisimama juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama kwa kicho. Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wakaiangusha chini. Ukilinganisha hizo mbili, utasema tulisogea mbele: askari alitoka miguuni pa bwana akapandishwa juu ya jiwe. Ni kweli, na mimi kila nikifika Dar husimama mbele ya sanamu ile kwa heshima. Hata hivyo, yule askari hana jina, wala kijiji, wala mtoto anayeweza kusema "huyu ni baba".

Nilipokuwa bado kazini, niliwapa wanafunzi wangu kazi ya likizo: kila mmoja aende kwao aulize ni nani katika ukoo aliyepata kuwa askari, alitumikia wapi, na kama hakurudi, habari zake zililetwa na nani. Madaftari yaliyorudi yalinifundisha kuliko vitabu nilivyokuwa nimesoma. Binti mmoja wa upande wa Nyamongo aliandika kwamba babu wa mama yake alikwenda Bama na akarudi akiwa hawezi kula wali, kwa sababu aliula msituni miezi mingi hadi akaukinai. Mwingine aliandika kuhusu mzee aliyeweka cheti chake cha kuachishwa jeshi ndani ya mkebe wa biskuti, mchwa wakakila, na tangu siku hiyo akawa hazungumzi tena habari za vita maana aliona ushahidi umekwisha. Kijana wa Majita alileta jina moja tu, la mtu aliyepanda meli Mombasa "kwenda kwa Mjapani" na hakusikika tena.

Sikuweza kumthibitishia yule kijana mtu huyo alipanda meli gani. Nilimsimulia meli moja ninayoifahamu, Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa Februari 1944 ikielekea Colombo, imejaa askari. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, cha 301. Tarehe 12, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200. Hakuna kaburi la kwenda kufyeka majani. Tanganyika ilitoa takriban watu 87,000 katika vita ya pili ya dunia. Wakapigana Uhabeshi, Bukini, na katika mabonde ya Bama yenye mvua na malaria. Ni vijiji vingapi vya Mara vimeandika hata orodha ya walioondoka?

Naisema hii kwa sababu mikoa mingine imekwisha kutuonyesha njia. Nenda Songea. Pale mjini, eneo la Mahenge, kuna makumbusho ya Vita vya Majimaji, na kaburi la pamoja la viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani Februari 1906. Kuna sanamu za manduna, wakuu wa Kingoni, kuna majina, na kila mwaka Februari 27 watu wa Ruvuma hukusanyika hapo. Nenda Kalenga, Iringa, utakuta fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, likiwa ndani ya nyumba yake yenyewe, katika ardhi ya Wahehe. Mtoto wa Kalenga hahitaji kupanda basi kwenda Dar es Salaam ili ajue mkoa wake ulizaa nani. Hata jeshi letu lilikwishajifunza somo hilo. Kambi kubwa ya Dar es Salaam, ambako maasi ya Januari 1964 yalianzia, iliitwa Colito, kwa kumbukumbu ya vita waliyopigana keya Uhabeshi mwaka 1941 chini ya Waingereza. Leo inaitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe walilivunja jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski, Agosti 1891. Aliyeamua hivyo alielewa kwamba heshima inataka kuwa na kwao.

Kitaifa tunayo siku yetu ya mashujaa, Julai 25. Rais huweka mkuki na ngao mnarani, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mishale, na mwenyekiti wa wapiganaji wa zamani huweka shoka. Napenda sana desturi hiyo, kwa kuwa silaha zile ni za babu zetu. Makaburi ya wanajeshi ya Kaboya, kule Muleba, na ya Naliendele, Mtwara, nayo yanatunzwa na jeshi kwa nidhamu. Lakini Kaboya na Naliendele ni kwa waliokufa vitani. Waliorudi hai na kuishi miaka 40 na zaidi wakiwa walinzi wa maduka, wavuvi na wakulima wa mihogo, wao huandikwa wapi?

Ninachokitaka ni nyumba ya mkoa, Musoma au Butiama, yenye kuta zilizoandikwa majina ya askari wa Mara. Butiama tayari pana Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, na wageni hufika. Nyumba hiyo ingekuwa jirani mwema. Musuguri angekuwa na chumba chake, bila ubishi. Alizaliwa Butiama mwaka 1920, akaingia keya mwaka 1942, akapelekwa Bukini. Mwaka 1947 alikuwa sajini mkufunzi kambini Kahawa, Kenya, na kati ya vijana aliowafundisha gwaride alikuwamo Idi Amin. Miaka 32 baadaye, akiwa na Divisheni ya 20, alivuka mpaka kwenda kumng'oa mwanafunzi wake. Wanafunzi wangu walikuwa hawachoki kusikia hadithi hiyo, nami sikuchoka kuisimulia.

Ila chumba cha jenerali kisiwe nyumba nzima. Ushindi wa Vita vya Kagera haukuletwa na majenerali peke yao. Novemba 1978 majeshi ya Amin yalilipua daraja la Kyaka, na ng'ambo ya mto watu wetu walikuwa wakiuawa na ng'ombe wakiswagwa kwenda Uganda. Kulikuwa na mafundi walioweka daraja la muda katika Mto Kagera. Kulikuwa na madereva wa malori yaliyokusanywa kutoka mashirika ya umma na kwa watu binafsi, wapishi, na mgambo makumi ya maelfu waliochukuliwa vijijini wakafunzwa kwa haraka. Walipigana Lukaya Machi 1979, ambako Walibya walikuja kumsaidia Amin. Wakaingia Kampala Aprili. Na Juni 3 wakafika mpaka wa Sudan, wengi wao kwa miguu. Mgambo aliyebeba bomu la mota begani kutoka Mutukula hadi Arua anastahili mstari wake ukutani, kwa herufi za ukubwa ule ule alioandikiwa kamanda wake.

Yapo maswali magumu, na nyumba isiyakwepe. Askari wengine wa zamani walimtumikia Mjerumani, na askari wa aina hiyo ndio waliochoma maghala ya chakula kusini wakati wa Majimaji, hadi njaa ikaua watu kuliko bunduki. Je, askari wa namna hiyo naye aitwe shujaa? Mimi nasema aandikwe, na pembeni ya jina lake iandikwe bendera aliyoitumikia na mahali alikopigana. Kuandika ni jambo moja, kusifu ni jingine. Waimbaji wa Kikurya wapigao litungu, ala ya nyuzi, hulijua hilo: hutaja jina la mtu pamoja na alilolitenda, na msikilizaji huamua mwenyewe. Nishani zitolewe kwa waliostahili nishani, kwa kufuata kumbukumbu za jeshi. Ila daftari la majina liwe la wote waliovaa sare na wote waliobeba mizigo.

Majina hayo yanapatikana. Kila wilaya ina mshauri wa mgambo, naye ana uwezo wa kuwafikia watendaji wa vijiji vyote. MUWAWATA, muungano wa wanajeshi wastaafu, una wanachama wanaojuana kwa vikosi na kwa namba. Makanisa na misikiti ina kumbukumbu za maziko. Shule zina wanafunzi wenye kalamu na babu. Kwa waliokufa katika vita ya pili ya dunia, majina mengi yameandikwa kwenye kumbukumbu za Nairobi. Kazi ni kuyasoma na kuyarudisha vijijini yanakotoka. Kwa wachukuzi wa 1914, orodha nyingi zimepotea, na kilichobaki ni masimulizi ya koo. Hayo nayo yachukuliwe kwa kinasa sauti, kwa Kikurya, Kijita, Kizanaki, Kiikizu au Kijaluo, kama msimuliaji atakavyopenda.

Kazi ianze na waliopigana Kagera. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70, na wengi walikuwa wakubwa kuliko hapo. Watendaji wa vijiji wakiitisha mikutano kiangazi hiki, baada ya mavuno, watawakuta bado wanaoweza kutaja kikosi chao, kamanda wao, aliyelala naye handaki moja, na mahali alipoanguka.