Mgeni Dukani na Mizani ya Wanachuoni

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Katika maduka ya Bukoba na magulio ya Kamachumu, Muleba, methali hiyo ilikuwa na mashaka yake: katika biashara ya kahawa, aliyepona ni nani? Swali hilo wakulima waliliuliza mapema. Wanachuoni walilifikia baadaye.

Waarabu walikuwa wakifanya biashara Kafuro, Karagwe, kabla Emin Pasha hajaanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, kahawa ya Buhaya ilipata njia ya ziwa kwenda Mombasa, na maduka ya Wahindi yakazidi.

Ulaya, Georg Simmel alikwisha andika mwaka 1908 juu ya mgeni akaaye kati ya watu, aliye karibu nao na mbali nao kwa wakati mmoja. Lakini uchunguzi wa Buhaya ulielekea kwanza kwenye ukoo, ardhi na mila. Kitabu cha Cory na Hartnoll cha mwaka 1945 kilikusanya sheria za jadi za Wahaya. Mwenye duka alibaki pembeni.

Mwaka 1973 Edna Bonacich, Marekani, alieleza kwamba uhasama wa wenyeji, nia ya kurudi kwao na mshikamano wa jamaa huwasukuma wahamiaji katika biashara ya kati. Hoja hiyo ilisaidia, ila ilimtazama zaidi mgeni mwenyewe. Mwaka 1989 Kenneth Curtis aliandika tasnifu juu ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, akiwaweka dola, mfanyabiashara na mkulima katika mizani moja.

Mizani hiyo ni ya haki. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1931 ilimzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kumdai Mwafrika deni mahakamani pasipo kibali. Basi, bei na mkopo havikutokana na tabia ya kabila peke yake. Amri ya serikali ilikuwamo. Chama kikuu cha ushirika kilichoandikishwa Bukoba mwaka 1950 nacho kilizaliwa katika mvutano huo.

Anayemwita mgeni mnyonyaji tu, na anayemsifu kwa ubahili wake tu, wote wawili wameacha kuhesabu. Mhaya aliyefungua duka Kampala au Mwanza naye ni mgeni huko; apimwe kwa mizani ile ile.