Garimoshi

Nduta, wilayani Kibondo, hakuna reli. Msafiri wa Kibondo au Kasulu anayetaka treni huteremka hadi Kigoma, kwenye stesheni iliyojengwa na Wajerumani, mwisho wa Reli ya Kati iliyofika Ziwa Tanganyika mwaka 1914.

Vichwa vya dizeli vilishachukua nafasi ya mvuke, lakini neno garimoshi halijafutika. Treni ni fupi kutamka. Garimoshi ndilo lenye sura: gari, na moshi wake juu.

Sura hiyohiyo huwavuta wapenzi wa reli Marekani, ambako Big Boy namba 4014, kichwa cha mvuke cha mwaka 1941, kilirudishwa njiani 2019. Afrika Mashariki nayo ina hazina yake. Kichwa cha mvuke 5918, Mount Gelai, chenye jina la mlima wa Tanzania, kimehifadhiwa Makumbusho ya Reli, Nairobi. Upitapo huko, kakione.