Kuziba au Kukalia?

"Wee sista, mishipa izibwe tena?" Mama mmoja aliuliza hivyo katika zahanati moja nje ya mji wa Wote, muuguzi alipomweleza kuwa dawa yake ya presha, losartani, "inaziba vipokezi". "La, mwaitu (mama, kwa Kikamba), si mishipa," akajibu muuguzi, akakwama hapo. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, na tangu siku hiyo kitenzi hicho kinaniwasha. Kwa wenye presha wa Kitui na Makueni, kinachoziba ni mfereji au mshipa, na mshipa ulioziba ndio kiharusi wanachokiogopa.

Nomino yenyewe haina kosa. Kipokezi kimezaliwa na pokea, ndugu yake mapokezi, pale hospitalini unapoandikisha jina. Homoni ni mgeni: Mwingereza Ernest Starling alilitoa jina hilo mwaka 1905 kwa neno la Kigiriki la kuchochea. Angiotensini, homoni inayopandisha presha, ina kisa kitamu zaidi. Wamarekani waliiita angiotonini, Waajentina hipertensini, hadi mwaka 1958 Mmarekani Irvine Page na Mwajentina Eduardo Braun-Menéndez walipokata kila jina nusu wakaunga vipande. (Laiti mabishano yetu ya istilahi yangekwisha hivyo.)

Angiotensini II ikifika kwenye ukuta wa mshipa huketi kwenye kipokezi chake. Misuli hukaza, njia ya damu hubana, presha hupanda. Losartani huwahi kile kiti. Haifukuzi mtu, haivunji kitu, inakaa tu. Homoni ikija inakuta pamekaliwa, na mshipa unabaki umelegea. Yaani dawa iliyosemwa inaziba ndiyo inayopanua njia!

Propranololi nayo hukalia viti vya adrenalini kwenye moyo. Spironolaktoni hukalia kipokezi cha homoni ya aldosteroni, ambacho hakiko mlangoni bali ndani ya seli. Enalaprili si mwenzao: yenyewe huzuia kimeng'enya kinachotengeneza angiotensini II, haikalii kiti cha mtu. Sisi tunaziita zote "vizuizi", tofauti ikapotea.

Basi wauguzi na wafamasia wa Ukambani, kiacheni kuziba kwa mafundi bomba. Mwambieni mwaitu kwamba dawa inakalia kiti cha homoni, na kwamba anaimeza kila siku, hata kichwa kisipouma, kwa sababu haikai hapo milele.